Jirani Aliyetuombea Katika Mibuni

Jirani yetu hakuweza kungoja chai ichemke. Akishaweka sufuria motoni alikuwa akiifunua, akiichungulia, akiigombeza, kisha anatumiminia chai ya rangi ya maji ya mto na kutuambia tunywe upesi kwa sababu kuna kazi. Mahubiri yakirefuka alikohoa. Fundi aliyechelewa kuja kuziba paa alimkuta mwenyewe juu ya ngazi, misumari mdomoni, na akaambiwa ashike ngazi au aende zake. Ng'ombe wake walizoea kukamwa huku wakikaripiwa. Na mwanamke huyu asiye na subira hata kidogo ndiye niliyemsikia akiwaombea watu waokoke, asubuhi baada ya asubuhi, tangu nilipokuwa mtoto wa kutumwa dukani hadi niliporudi kutoka ng'ambo na diploma yangu na upara wangu.

Naitaja diploma mapema kwa sababu wapo watakaouliza mimi ni nani hata niandike. Mimi ni yule aliyeondoka Mukurweini na viatu vya kuazima, akasomea mitambo ya baridi Uingereza, akafanya kazi huko akiwa na kofia mbili kichwani kwa ajili ya theluji, kisha akarudi kwao bila kubembelezwa na mtu. Tangi la kupoza maziwa likizima Kerugoya, naitwa mimi. Likizima Endarasha, naitwa mimi. Nyumba yangu ni ya mawe na choo kiko ndani, na siku za kwanza wazee walikuja kukitazama wakatikisa vichwa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nimezoea kusema hivyo kila mahali, na watu hunyamaza kwa heshima. Ni jirani huyu peke yake ambaye hakunyamaza.

"Ati hakuna aliyekushika?" alisema siku moja, mbele ya wageni wangu. "Na mimi nilikuwa nafanya nini hapo kwa mibuni? Nilikuwa nacheza?"

Maana ombi lake lilikuwa na mahali pake. Shamba lao lilipakana na letu, likiteremka kutoka barabarani hadi mtoni, na kila mstari wa mibuni alikuwa ameupa mtu. Hakuandika popote wala hakutangaza; tulijua kwa kusikia. Kahawa haiivi yote siku moja. Tawi moja lina tunda jekundu, la manjano na la kijani kibichi, nawe unachuma jekundu, unayaacha mengine, unarudi tena wiki nyingine, kisha tena. Alichuma mstari wa mtu huku akimwombea mtu huyo. Msimu wa kuchuma ukiisha alipalilia mstari huo akimwombea, akaupogoa akimwombea. Aliomba kwa sauti, kwa sababu, alivyosema, akiomba kimya anaanza kufikiria kuku.

Hapo ndipo majirani walipopata taabu. Mwenye duka la sukari na mafuta ya taa alipewa mstari ulio kando ya barabara, na kila aliyepita kwenda sokoni alisikia habari za mizani yake zikipelekwa mbinguni. Mwishowe mama huyo wa duka alikuja na mkungu wa ndizi kichwani.

"Nihamishe, dada yangu. Nipeleke kule chini mtoni. Hapa watu wanasikia."

"Ukiokoka nitakuhamisha."

"Na nisipookoka?"

"Basi tengeneza mizani, nikose la kusema."

Ndizi alizipokea. Mizani nayo ilitengenezwa, lakini mama wa duka alibaki pale pale barabarani, kwa kuwa jirani yetu alisema mizani si moyo.

Mstari wangu ulikuwa upande wa ua wetu. Nilipokuwa nikinyoa ndevu asubuhi, dirisha likiwa wazi, nilisikia mambo yangu yakijadiliwa. "Bwana, huyu wa diploma. Umempa kichwa, asante. Sasa mpe na shingo ya kukiinamisha." Nilitoka na povu usoni nikamwambia, kwa adabu, kwamba mimi nilibatizwa nikiwa mdogo, nikawekewa mikono na askofu, na sadaka yangu hutolewa kwa bahasha.

"Hata ng'ombe anaogeshwa kwa josho," akasema bila kuacha kuchuma. "Muulize kama anajua josho ni ya nini."

"Mama, mimi si ng'ombe."

"Nimesema wewe ni ng'ombe? Mimi nasema habari ya josho. Enda umalize hizo ndevu, umebakisha upande moja."

Tangu siku hiyo aliniita Diploma, na kusema kweli sikuchukia. Jina hilo nililifanyia kazi.

Lakini sisi sote tulikuwa mistari ya baadaye. Mstari wa kwanza, ule ulio karibu na jiko, ule alioanza nao kila asubuhi hata akiwa na homa, ulikuwa wa mume wake. Sisi tulimwita Guka, yaani babu, ingawa hakuwa babu wa yeyote kati yetu. Alikuwa mtu mpole wa mifugo, mrefu, mwenye kofia ya sufu isiyotoka kichwani, na hakuna aliyewahi kumsikia akiapa uongo au akimpiga mnyama. Alipika pombe ya muratina kwa ajili ya wazee wenzake, nayo ilikuwa nzuri. Ila kanisani hakuingia. Watoto wake walipofunga ndoa alisimama nje chini ya ukingo wa paa, suti mwilini, akasikiliza viapo kupitia dirishani, kisha akawa wa kwanza kuwapa mkono walipotoka.

Sababu yake ilijulikana na watu wa rika lake, nasi wadogo tuliipata kwa vipande. Wakati wa Hali ya Hatari, Wazungu walipokuwa wakiwasaka waliokula kiapo cha kuwapinga, vijana walipangwa mstari na kupitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Mtu huyo hakusema neno. Alitikisa kichwa tu, na aliyetikisiwa kichwa alipelekwa kizuizini. Guka alitikisiwa. Lakini gunia halikufika miguuni, na mguu wa kushoto wa mtu yule haukuwa na kidole gumba. Guka aliujua mguu huo. Ulikuwa wa kijana aliyesoma Injili kanisani kila Jumapili. Guka alirudi kutoka kizuizini baada ya miaka, akamkuta kijana yule bado anasoma Injili, na nilipokuwa mtu mzima yule kijana alikuwa sasa mzee wa kanisa, anayeketi benchi la mbele na kupokea kikombe kabla ya wote.

"Siko na ugomvi na Mungu," Guka aliniambia siku moja tukitengeneza ua. "Lakini niimbe kando ya huyo? Tushike kitabu kimoja?"

Basi hilo ndilo jirani yetu alilolitaka kuliko yote: kwamba mume wake, aliyempenda kwa namna ya kugombana naye mchana kutwa, asife akiwa nje chini ya ukingo wa paa.

Huenda mtu akadhani mwanamke wa namna hiyo angeridhika na dalili yoyote. Hakuridhika. Siku moja ya soko wahubiri walikuja na vipaza sauti, wakasimama karibu na uwanja wa mifugo. Mhubiri akawaambia wanaotaka kuokoka wainue mkono. Guka alikuwa ng'ambo ya umati na ndama wake, akamwona mnunuzi kutoka Othaya aliyekuwa akiondoka, akainua mkono wake mrefu kumwita. Walokole walimzunguka papo hapo. Waliimba, walimkumbatia, mama mmoja alimlilia begani, na kwa jinsi Guka alivyokuwa mpole hakujua amsukume nani. Mnunuzi aliona furaha ile, akaona si vizuri kuongea bei, akaenda zake.

Jioni ndugu wa ushirika walifika nyumbani na mikate na sukari, kama desturi yao mtu akiokoka, wakiimba tangu barabarani. Jirani yetu aliwangoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Rudini na sukari yenu. Hajaokoka."

"Mama, usimzuie Roho," kiongozi wao alisema. "Tumeona mkono kwa macho yetu."

"Roho namjua, na mzee wangu namjua. Huo ulikuwa mkono wa ndama."

Kutoka ndani tulimsikia Guka akicheka mpaka akakohoa. Baadaye aliniambia, akijifuta macho, kwamba katika watu wote wa dini ni mke wake tu ambaye hajawahi kumuuzia kitu kibovu. Asubuhi iliyofuata, kabla chai haijachemka, sauti ilikuwa tayari kwenye mstari wa kwanza: "Bwana, jana wamekuhesabia mtu ambaye huna. Mimi bado nangoja wa kweli."

Hakuwa mtu wa kusema uongo, na ukweli wake ulitutia hofu sote tuliokunywa muratina ya mume wake. Alikuja koplo mmoja, mtu wa kutoka magharibi, mgeni katika kituo chetu cha polisi, akitafuta pombe. Guka na wenzake walikuwa nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nao, kwa ajili ya kuwaheshimu wazee.

"Shosho, pombe iko hapa?" koplo aliuliza mlangoni, akimwita bibi kwa lugha yetu.

"Iko. Iko hapo nyuma, ndani ya kibuyu. Lakini kwa hii nyumba hatuanzi kazi bila kuomba. Toa kofia."

Koplo alikuwa mtu wa malezi mema. Alitoa kofia, akafumba macho. Nasi tulisikia, kwa Kiswahili chake cha nguvu: "Mungu, hii askari iko na roho mzuri, lakini ametoka mbali na mama yake, na sijui nani anamuombea huku." Akaendelea na mama wa koplo, na watoto wa koplo, na mkubwa wa koplo. Hatukungoja amina. Guka alikiinua kibuyu kifuani kama mtoto mchanga, tukateremka kimya kati ya mibuni hadi mtoni.

Koplo alipofika nyuma alikuta viti vya kukalia tu. Alimgeukia jirani yetu.

"Shosho, umenifanyia hii makusudi?"

"Mimi nilifumba macho kama wewe," akajibu, na ilikuwa kweli. Mpaka leo sijui kama alipanga. Koplo alirudi mara nyingi baada ya hapo, bila kofia, kunywa ile chai mbichi na kusikia kama jina lake bado linatajwa. Lilikuwa limepewa mstari.

Kisha ikaja ile miaka kahawa ilipokosa bei. Watu wengi waliacha mibuni ikamezwa na magugu, wengine wakapanda maharage katikati, na wengine, kwa kuwa kung'oa kulikatazwa, walikata matawi kidogo kidogo mpaka mbuni ukafa wenyewe. Guka alitaka majani ya ng'ombe. Alishuka na panga hadi mstari wa mwisho kabisa, kando ya mto, ambao alidhani ni wa ziada. Mke wake alimfuata mbio.

"Huo usikate."

"Kwa nini? Huu hauzai kitu."

"Niko na mtu hapo."

"Nani? Kila mtu uko naye hapo juu."

Angeweza kutaja yeyote, na mimi niliyekuwa upande wangu wa ua nilimwombea kimoyomoyo ataje yeyote. Lakini hakujua kudanganya. Alimtaja yule mzee wa kanisa mwenye mguu usio na kidole. Alikuwa akimwombea tangu Guka aliporudi kutoka kizuizini, kule chini, ambako sauti ya maji inafunika sauti ya mtu. Hapo ndipo mahali pekee alipokuwa akiomba bila kusikika.

Guka aliweka panga chini polepole. "Huyo pia," alisema. Akapanda mlima, akachukua blanketi lake na kikombe chake, akahamia kibanda chake karibu na zizi.

Hakumtukana mke wake, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alijipikia viazi, akaviunguza, akavila. Nilijitolea kuwapatanisha, kwa kuwa nimesuluhisha migogoro ya vyama vya maziwa yenye kelele kuliko hiyo. Nilimwendea jirani yetu nikamweleza jambo lenyewe lilivyo: mtu hawezi kupanda maadui wawili shamba moja. Achague. Amwache yule mzee mikononi mwa kanisa lake, ashike mume wake.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Diploma, nikimfungia yule mlango, mzee wangu nitamwambia aingilie wapi? Ni mlango moja."

"Lakini unampoteza sasa, Mama. Hajala chakula chako msimu mzima."

"Naona." Alikuwa akipura maharage, akayapura kwa hasira. "Unafikiri naomba nikiwa na raha? Kuna asubuhi naomba kama mtu anaita ng'ombe ameuzwa. Naita, naita, na najua hayuko kwa hii boma. Na Mungu naye ana kichwa ngumu. Unaandika hiyo kwa diploma yako? Andika. Nimemwambia mwenyewe."

"Basi kwa nini usiache?"

"Na nikiacha nifanye nini asubuhi?" alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Sijui kumpenda bila kumtaja."

Yule mzee wa kanisa alikufa mwaka wa mvua za El Niño, barabara zikiwa zimebomoka hata jeneza likabebwa kwa mabega. Tulisubiri tusikie kama aliacha neno. Hakuacha. Hakumwita Guka wala hakukiri mbele ya ushirika. Alisifiwa kaburini kwa hotuba ndefu, na jirani yetu hakukohoa hata mara moja. Siku ya pili alishuka mtoni na ndoo yake. Katika imani yao hawawaombei wafu, kwa hiyo alichuma mstari ule bila kusema kitu, tunda moja moja, akilia. Aliulilia ukaidi wa mtu ambaye kila mtu pale kijijini alikuwa ameshamsamehe kwa kusahau.

Guka alimtazama kutoka zizini. Nilikuwa nimeenda kumwangalizia ndama, nikamwona akitazama mpaka ndoo ya maziwa ikapigwa teke na ng'ombe.

"Amekufa na gunia lake," alisema. Akaongeza, "Na huyu mwanamke analia."

Jioni hiyo alirudisha blanketi nyumbani. Hakusema lolote la dini. Alimwambia tu mke wake, "Sasa umebaki na mimi na Diploma." Nilichekea mlangoni kwangu, ingawa sikuona kwa nini nitiwe mkumbo mmoja naye.

Mara ya mwisho nitakayoisimulia ilikuwa hospitalini, Nyeri mjini. Kifua kilikuwa kimembana jirani yetu kwa majuma, naye alikuwa amekitibu kwa kukikaripia. Niliwachukua mimi mwenyewe kwa pikapu yangu, nikampa blanketi la sufu nililokuja nalo kutoka ng'ambo, na nikazungumza na daktari kwa Kiingereza mpaka akapatiwa kitanda kando ya dirisha. Ilikuwa saa ya kutembelea wagonjwa, mchana, wodi imejaa chupa za uji na wajukuu. Alilala macho yamefumbwa, pumzi zikikwaruza. Guka aliketi kwenye kiti cha bati, kofia ya sufu magotini. Sikuwahi kuona kichwa chake kabla ya siku hiyo. Kilikuwa cheupe chote.

"Diploma," alisema, "mwombee. Yeye ndiye huomba, na sasa hawezi. Wewe umesoma."

Nilisimama. Nimehutubia wenyeviti wa vyama vya maziwa na maafisa wa wilaya. Nilianza Baba Yetu, nikaimaliza vizuri, na ilipoisha sikuwa na neno lingine. Guka alingoja. Alipoona nimemaliza, alisogeza kiti karibu na kitanda na kuanza mwenyewe, macho wazi, kama mtu aliyeitwa barazani na hajui chifu anaketi upande gani.

"Mungu wa huyu mama. Mimi hatujajuana. Yeye amekueleza habari zangu, na yeye hadanganyi, kwa hivyo sitarudia. Nakuomba umwache. Ng'ombe wamemzoea." Akaigeuza kofia magotini. "Na yule mtu. Ulimchukua, na sijui ulimweka wapi. Nilitaka aje kwangu kwanza. Hakuja. Kama uko naye hapo, basi. Sitauliza. Na mimi kama kuna nafasi, hata kando yake, nitakaa. Huyu mama amechoka kunibeba. Nimechoka mimi pia."

Nilielewa nilichokuwa nikikisikia. Mimi si mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Niliinama haraka nikamshika jirani yetu bega, nimpe habari hiyo mimi wa kwanza.

"Mama! Unasikia? Mama, umejibiwa!"

Alifungua jicho moja. Lilikuwa limejaa maji, na kali kama siku zote.

"Nyamaza, Diploma," alisema. "Usimkatize."

Guka akaendelea. Alikuwa na mengi.